Deki Niliyomfungia Bibi Mwanaidi wa Chanika

Kwanza mnivumilie na mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba pale Makuyuni, na mkono huu umeshika bisibisi miaka mingi kuliko kalamu. Herufi za r na l hunichanganya tangu utoto, na nikiandika haraka maneno yanapandana. Kwa hiyo naandika polepole, naweka kalamu chini, naangalia nje, narudi. Mtakaochapa, nyoosheni palipopinda. Ila nilichokiona msikinyooshe, maana hata mimi mwenyewe sijakizoea mpaka leo.

Nyinyi vijana mnaojifunza ufundi wa simu huwa mnanitania. "Mzee Athumani, hivi kufunga deki nayo ilikuwa kazi? Si kuchomeka waya tatu tu?" Kweli, ni waya tatu. Ya njano ni ya picha, nyeupe na nyekundu ni za sauti. Hata mtoto anaweza. Lakini mimi nimeona waya hizo tatu zikimrudisha marehemu sebuleni kwake, akamwita mkewe, na mkewe akaitika. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeinama nyuma ya TV.

Nilikuwa fundi kwa Mzee Mhando, Korogwe, karibu na stendi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa ghafla vitu tulivyokuwa tukivisikia tu kwa watu wa mjini. Tulizoea redio ya mbao, ikiharibika mwenye nyumba anaileta imefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Mara zikaja TV. Hatujakaa sawa, deki za kanda. Hatujamaliza kujifunza kanda, deki za CD. Mafundi tulikuwa tunashangaa sawasawa na wateja, tofauti ni kwamba sisi tulitakiwa kushangaa kimya kimya.

Nami nilikuwa na haya kupita kiasi. Mteja akiniuliza kitu, najibu huku naangalia meza. Mzee Mhando alikuwa ananiambia mbele za watu, "Athumani, ongea na mtu. Hiyo meza hainunui kitu."

Alinifundisha kuchagua deki. Msidanganywe na taa, alisema. Deki yenye taa nyingi ni kama bwana harusi mwenye suti ya kuazima. Ukienda kununua, usikubali kujaribiwa na CD ya dukani. Ya dukani ni mpya, hata deki mbovu itaisoma. Nenda na CD yako ya nyumbani, ile iliyochubuka kuliko zote, iliyowahi kukanyagwa na kufutwa kwa kanga. Deki ikiimeza hiyo na kuitapika vizuri, lipa uondoke.

Kuhusu mdomo wa deki, hilo alitufundisha mteja. Alikuja mfugaji mmoja kutoka nyika za Handeni, mzee mrefu, akasimama mbele ya rafu na fimbo yake. Mzee Mhando akaanza kusifia taa (kwa mteja alikuwa anazisifia). Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Iambie ifungue mdomo." Nikabonyeza, sahani ya kuwekea CD ikatoka. Akaishika kwa vidole viwili, akaitikisa taratibu kama anayeangalia meno ya ndama. "Hii imelegea. Lete nyingine." Akakataa nne. Ya tano akaichukua. Wateja waliokuja kununua hizo nne walirudi wote dukani, sahani imekwama na CD iko ndani. Tangu siku hiyo kila deki iliyoingia dukani kwetu ilifungua mdomo kwanza.

Na lensi, jamani. Lensi ni kile kijicho kidogo ndani. Kinafutwa kwa pamba na spiriti, kidogo tu. Mama mmoja aliniletea deki haisomi kitu, nikaifungua, harufu ikanipanda puani. "Mama, umeweka nini humu?" Akasema, "Mafuta ya nazi. Ilikuwa inakwaruza." Nilikaa chini kwanza.

Sasa, Rajabu.

Rajabu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, kwao ni Chanika, Handeni. Alikuja dukani na CD moja ndani ya bahasha, ameishika kwa mikono miwili. Alitaka deki nzuri kuliko zote. Macho yake yakaenda kwenye ile yenye taa na matundu mawili ya maikrofoni.

"Unataka kuimba?" Mzee Mhando akamwuliza.

"Hapana, mzee. Ni ya mama yangu. Nataka aone maziko ya baba."

Mzee Mhando akairudisha ile ya taa na kumtolea moja nyeusi, ya kawaida. Tukaweka CD yake kwenye TV ya duka, ikaonyesha watu wako uwanjani, picha safi, rangi zote. Tukaizima haraka, haikuwa picha ya kuangalia dukani. Mzee Mhando akaniambia nifuatane na Rajabu nikaifunge mwenyewe.

Kwenye basi, Rajabu alinieleza. Baba yake, Mzee Saidi, alifanya kazi kwenye mashine ya kuchakata mkonge Ngombezi, jirani na Korogwe, mpaka alipostaafu, ndipo akahamia Chanika. Mama yake, Bibi Mwanaidi, aliugua malaria ikampanda kichwani, akalazwa Korogwe akiwa hajitambui. Akiwa huko, mzee aliyemwacha mzima akaanguka uani na kufariki. Kwa desturi yetu maiti haisubiri, akazikwa. Rajabu akamwita mpiga video wa harusi apige kila kitu, ili mama akipona aone.

Mama akapona, akarudi, akaambiwa. Akakataa.

"Anakataaje?" nikauliza.

"Anasema tunamficha. Baba alikuwa na tabia ya kutoweka, anakwenda Ngombezi kwa rafiki yake Mzee Mihayo anakaa wiki. Sasa mama anasema yuko huko, atarudi. Kila siku anampikia chai. Shehe amekuja, amemkatalia. Tumempeleka kaburini, akasema udongo hauna sura. Hali chakula vizuri, anakaa mlangoni anaangalia njia. Atanifia, fundi."

"Kwa nini usimlete huyo Mzee Mihayo amwambie?"

Rajabu akacheka bila furaha. "Mihayo ni Mnyamwezi, sisi Wazigua. Ni mtani wetu. Mama anasema tangu wakae Ngombezi Mihayo hajawahi kumwambia neno moja la kweli."

Tulifika alasiri. Sebuleni walikuwepo majirani wachache, maana TV ikifungwa kitu kipya mtaa wote unajua. Bibi Mwanaidi alikuwa kwenye mkeka, amekonda, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mbona hata ndevu huna?"

Majirani wakacheka, nami nikaangalia chini. TV ilikuwa ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa nyuma, kongwe, iko juu ya kabati. Pembeni palikuwa na meza ndogo, mahali pazuri kabisa pa kuweka deki, ila juu yake kulikuwa na kikombe kilichofunikwa kwa kisosi. Nikanyoosha mkono nikiondoe.

"Acha hicho!"

Nilishtuka nikaangusha waya.

"Cha mwenyewe hicho," akasema Bibi Mwanaidi. "Akirudi atakiulizia."

Ukutani kulikuwa na picha ya huyo mwenyewe: kofia ya pama, koti refu la kaki, mkono mmoja nyuma mgongoni. Nikaiweka deki juu ya kigoda, nikazunguka nyuma ya TV.

Hapa ndipo pa kujifunza, wanangu. Deki hujaribiwa na TV yake, si na TV ya duka. TV ya duka letu ilikuwa ya kisasa, inakubali mitindo yote ya rangi. TV nyingi za zamani majumbani kwetu zinajua mtindo mmoja tu, ule wa PAL. Deki ikiwa imewekwa kwenye mtindo ule mwingine, wa NTSC, picha inakuja bila rangi, tena inaruka. Ukifika kwa mtu, kabla CD haijaingia, bonyeza kile kitufe cha N/P kwenye rimoti mpaka picha itulie. Nilitaka kufanya hivyo. Ila Rajabu hakuweza kusubiri. Mimi bado niko nyuma nabana waya ya njano, nikasikia sahani ya deki inaingia ndani na CD.

Fundi aliye nyuma ya TV haoni picha. Anaona watu.

Sauti ndiyo iliyotangulia, kwa sababu sauti haijali PAL wala NTSC. Kilio, dua, kisha kicheko, jambo lililonishangaza, halafu sauti ya mwanamume mzee, ya kukwaruza:

"Mama Raja! Mama Raja we! Chai yangu iko wapi? Na usitie tangawizi, mimi si mgonjwa!"

Nikaona uso wa Bibi Mwanaidi ukifunguka kama dirisha.

"Abee!" akaitika.

Jirani mmoja alinyanyua mwanawe akatoka mbio, kandambili zikabaki. Nikachungulia kwenye kioo. Picha ilikuwa ya kijivu, inapanda juu na kurudi chini kama shuka linalokung'utwa. Ndani yake kulikuwa na mtu mwenye kofia ya pama na koti refu, mkono nyuma mgongoni, anaburuta mguu wa kushoto, anatembea mbele ya jeneza. Nikaangalia picha ya ukutani. Nikaangalia kioo. Kofia ile ile. Koti lile lile. Naapa, nilishika kabati.

"Mama, si yeye!" Rajabu alikuwa anapiga kelele. "Huyo ni Mzee Mihayo! Alivaa nguo za baba! Ni utani tu, mama!"

Mimi ni Mzigua, utani huo naujua. Kwenye msiba mtani huchukua nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, watu wakacheka katikati ya machozi mpaka wampe kitu aache. Nimeuona mara nyingi. Lakini nimeuona uwanjani, mtu mzima mbele yangu na uso wake naujua. Sikuwahi kuuona ndani ya kioo cha kijivu kinachoruka. Mle ndani hapakuwa na uso. Palikuwa na mwendo tu, na sauti, na vyote viwili vilikuwa vya Mzee Saidi.

"Huniambii mimi Mihayo ni nani," Bibi Mwanaidi akasema huku anasimama. "Nimeishi naye ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za laini za wafanyakazi Ngombezi. Huyo ni baba yako. Mguu ule aliumia mimi nikiwepo. Na nani mwingine ananiita Mama Raja? Wewe? Shehe?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nilisema yuko Ngombezi. Nikaitwa mwendawazimu." Alikuwa ameshachukua baibui lake msumarini. "Basi la kwenda Korogwe bado lipo?"

Rajabu akaziba mlango. "Mama, juzi tu umetoka hospitali. Utafia njiani."

"Nipishe, Rajabu. Mtu ameniita."

Nikatafuta rimoti. Rajabu alikuwa ameiangusha, kifuniko kimetoka, betri moja ipo, ya pili imebingirikia chini ya kabati lile zito la mninga. Nikalala kifudifudi, mkono haufiki. Deki yenyewe haina kitufe hicho kwa mbele. Nikaangalia huku na huku, nikaona saa ya ukutani. Nikapanda juu ya kiti, nikatoa betri yake. Saa ikasimama, na hakuna aliyeilalamikia.

Bibi alikuwa mlangoni anasukumana na mwanawe, mnyonge vile, lakini Rajabu alikuwa anarudi nyuma.

"Bibi," nikasema. Hakuna aliyenisikia. "Bibi!"

Wote wakageuka. Hata mimi niligeuka kidogo, sikujua sauti ile ni yangu.

"Naomba ukae. Picha bado haijafika."

"Haijafika vipi? Nimemwona!"

"Sauti imefika yote. Picha imekuja nusu. Ngoja niilete yote, ndipo uende. Na ukienda nitakusindikiza mwenyewe mpaka Ngombezi."

Nilimwangalia machoni, si mezani. Akanipima kwa muda. Kisha akakaa ukingoni mwa kiti, baibui begani, kama abiria.

Nikarudisha CD nyuma. Nikabonyeza N/P mara moja. Kioo kikawa cheusi. Kikarudi, picha imesimama wima, imetulia. Rangi zikaingia: kanga za akina mama, udongo mwekundu, koti la kaki. Na chini ya kofia ya pama, ndevu nyeupe na pengo kubwa mbele. Mzee Saidi wa ukutani hakuwa na ndevu.

"Mama Raja we! Chai yangu iko wapi?"

Safari hii Bibi Mwanaidi hakuitika. Alisogea mpaka karibu na kioo.

"Mihayo," akasema polepole. Kisha kwa sauti kubwa, "Mihayo, mshenzi mkubwa wewe! Unanivalia mume wangu na pengo hilo!"

Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, mkono kifuani. Rajabu akaja kuizima, akidhani imetosha.

"Iache," mama yake akasema. "Nataka yote."

Tukaangalia yote. Jeneza likapita. Rajabu mwenyewe akashuka kaburini kumpokea baba yake. Uso wa Bibi ukawa umefunga tena, nikamwona anaanza kutikisa kichwa kama mtu asiyekubali. Nikajua tumeshindwa. Maiti imefunikwa, kaburi ni udongo, na udongo hauna sura.

Kisha mpiga video, sijui kwa nini, akageuza kamera pembeni. Mzee Mihayo alikuwa amekaa peke yake juu ya rundo la udongo. Koti bado analo, ila kofia ameivua, ameipakata magotini. Hakuwa anamwiga mtu. Alikuwa analia, mabega yanaruka, kamasi zinashuka kwenye ndevu, anajifuta kwa mkono wa koti la rafiki yake.

Bibi Mwanaidi akavua baibui begani.

"Mihayo analia," akasema.

Akamnyooshea kidole pale kwenye kioo.

"Mihayo huyu hakulia hata mashine ya mkonge ilipomkata kidole. Alituchekesha. Kama Mihayo analia..." Akamgeukia mwanawe. "Kumbe amekwenda, Rajabu."

"Amekwenda, mama."

"Siku za eda zilizobaki nitazikaa. Nitafutieni nguo." Ndipo akalia, na majirani wanawake wakamzunguka, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya TV, mahali pangu.

Alipotulia aliniita. Alikuwa amekinyanyua kile kikombe mezani kwa mikono yake.

"Fundi, weka mashine yako hapa. Pale kigodani itaanguka." Kisha akafunua kisosi, akanipa kikombe. "Kunywa. Haina tangawizi."

Nilikunywa. Ilikuwa imepoa kabisa. Nimefunga deki nyingi baada ya hapo, Korogwe na Handeni, na kila nilipobonyeza N/P nilikuwa nasikia ladha ya chai ile.

Kuna jambo moja limebaki. Miaka kadhaa baadaye Mzee Mihayo naye alifariki Ngombezi. Watu wanasimulia kwamba wakati wanajiandaa kuutoa mwili, kikongwe mmoja alitokea Handeni kwa basi, akaomba kofia ya marehemu, akaivaa. Akaanza kutembea katikati ya waombolezaji anacheka kicheko cha Mihayo, anasukuma ulimi penye pengo kama yeye, anatukana kila mtu kwa jina. Laini nzima ilicheka mpaka watoto wakaogopa. Alikuwa Bibi Mwanaidi. Wanasema alipofika kaburini alivua kofia akaipakata magotini, hakuiga tena.

Sikuwepo. Nilipewa habari nikiwa na bisibisi mkononi. Nasikia kulikuwa na kijana na kamera siku hiyo, lakini kila ninayemwuliza ananielekeza kwa mwingine.

Basi wanangu, kama kwenu kuna CD ya zamani ya msiba wa Ngombezi, hata iliyochubuka, hata iliyofutwa kwa kanga, msiitupe. Niandikieni. Mwandiko wenu hata uwe mbaya kuliko huu wangu, nitausoma polepole mpaka mwisho. TV moja ya chogo nimeibakiza, na deki moja nyeusi ya kawaida. Kitufe nimeshakiweka kwenye PAL.